Paukwa ya mwaka 2050: jinsi ya kuwafanya vijana wasimulie kesho yenye nafasi ya kila mtu

Ukiwakalisha vijana chini ukawauliza "mnataka nchi ya kesho iweje" watakujibu kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi, amani, ajira, usawa kwa wote, basi kimya. Mawazo wanayo, swali ndo limekaa vibaya, kubwa mno halina pa kushika. Mimi Jumamosi nakaa na vijana wa mtaani kwetu huku Temeke, kuna wasioona wawili, viziwi watatu, mwenye ualbino, mmoja anatumia kitimwendo na wengine hawana ulemavu wowote, na nilichokiona ni kwamba hakuna hata mmoja atakayekwambia habari za "jamii jumuishi" ila kila mmoja anaweza kukusimulia asubuhi moja tu ya mwaka 2050, toka anaamka mpaka anafika kazini, na humo ndani ya asubuhi utakuta kila kitu unachokitafuta. Naandika tunavyofanya, chukua kinachokufaa.

Anza na mahali kabla hata hujafikiria hadithi. Usiende kukagua peke yako, nenda na mwenye kitimwendo mwenyewe muingie wote mpaka chooni. Ukumbi wa ghorofani hata ukipewa bure achana nao, chini ya mwembe panatosha kabisa. Watu 12 mpaka 15, wakizidi hapo wale wapole hawaongei tena. Kaeni duara, na mkalimani wa lugha ya alama asikae jua likiwa mgongoni kwake maana viziwi wataona kivuli tu wala hawataona mikono. Na mkalimani alipwe jamani, muweke kwenye bajeti kabla ya chai na maandazi, halafu mpe hadithi au vitendawili vyako siku moja kabla, kutafsiri kitendawili papo hapo ni kumtesa mtu. Kingine ambacho wengi hawakijui, ukipitisha picha watu waangalie nyamaza kwanza, kiziwi hawezi kuangalia picha na mkalimani kwa wakati mmoja.

Sasa kufungua hadithi. Sisi tulikwama hapo hapo siku ya kwanza. Nikasema Paukwa, wote wakapaza sauti Pakawa, nikamwona binti mmoja kiziwi anahangaika kuangalia midomo ya wenzake ajue kumetokea nini, yaani hadithi haijaanza yeye tayari yuko nje. Tukasimama. Akatufundisha yeye mwenyewe: msimulizi anafumba viganja viwili pamoja kifuani, wanaoitikia wanavifungua kwa mbele kama mtu anafungua dirisha. Toka siku hiyo tunasema na kufanya kwa pamoja, asiyeona anasikia, asiyesikia anaona. Kikundi chako kitapata ishara yake, msichukue yetu, kule kuitafuta pamoja ndo kunawaunganisha.

Mkishafungua usikimbilie 2050, anza na jana. Kila mtu asimulie jambo moja dogo lililomkuta wiki hii ambapo alijiona hayumo, mlango aliokuta umefungwa, foleni aliyorukwa, maongezi yaliyomkatikia. Dogo kweli, sio historia ya maisha yake yote. Hakuna anayelazimishwa, anayetaka kupita apite, na mkubaliane mwanzoni kwamba ya pale yanabaki pale. Dada mmoja wa kazi za ndani alisimulia kwamba nyumba anayofanya kazi kuna kikombe chake peke yake, na hicho kikombe kilitupeleka mbali kuliko mada yoyote ambayo ningekuja nayo nimeandika kwenye manila.

Halafu chagueni jana moja muihamishie 2050. Sisi tunaanza na maneno "hapo kesho za mbali", mwenye jana ndo anashika usukani na wengine wanamuuliza maswali. Nieleze ya kijana wetu wa kitimwendo maana ndo nilielewa hii kazi vizuri kupitia yeye. Jana yake ilikuwa hivi, alifika kituoni saa 12 asubuhi, daladala tano zikampita, kila konda anamwambia braza subiri ya nyuma haijajaa, ya sita ikambeba ila alilipishwa nauli ya watu wawili eti kiti nacho kimechukua nafasi. Tukamwambia haya tupeleke 2050. Akaanza na magari yanayopaa. Vijana wote wanaanza na magari yanayopaa, usimkatishe, muulize tu linatua wapi, nani anamlipa dereva, mama anayeuza vitumbua asubuhi naye analo? Akanyamaza kidogo, akasema hapana, ni daladala tu, ila sakafu yake iko sawa na kituo, na konda ni yule binti kiziwi.

Hapo ndo pakawaka moto. Konda kiziwi ataitaje abiria? Mmoja akasema ziwekwe taa za rangi juu ya paa, kila ruti na rangi yake. Kijana asiyeona akakataa pale pale, taa mimi zinanisaidia nini, nitajuaje kama hii ni ya Mbagala? Wakabishana karibu nusu saa, mi nimekaa tu nasikiliza, mwisho wakakubaliana taa zibaki na kila ruti iwe na mlio wake, ya Mbagala ngoma, ya Gongo la Mboto filimbi. Na anayetaka kushuka anabonyeza kitufe kinachotetemesha mkanda alioufunga konda kiunoni. Angalia kilichotokea hapo, hakuna aliyemsaidia mwenzake kwa huruma, kila mmoja alipigania nafasi yake na daladala ikawa nzuri zaidi kwa wote. Ukiona ubishi wa namna hiyo usiuzime, huo ndo utamu wa kazi yenyewe.

Kuna wakati watakata tamaa wakwambie hizi ni ndoto tu. Hapo weka mfano wa kweli, usihubiri. Sisi tulikuwa na mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam karibu, yalipoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni vituo vilijengwa vimeinuliwa mpaka sakafu ya basi ikawa usawa na pa kusimama, wakati sote tulishazoea kwamba kupanda basi ni kudandia. Jirani zetu Kenya, katiba yao ya 2010 inaitaja lugha ya alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na mwaka huo huo wa 2010, hapa kwetu Tanzania, watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao, na hapo ni miaka michache tu toka tulipokuwa tunasikia kila mara watu wenye ualbino wanauawa, hasa huko kanda ya ziwa. Niliposimulia hili kijana wetu mwenye ualbino aliniuliza mara mbili, walimchagua kwa kura? Kwa kura.

Sasa kuna mambo mawili siyaachii kabisa. La kwanza ni hadithi inayoisha kwa mtu kupona. Asiyeona anaanza kuona, wa kitimwendo anasimama anatembea, watu wanapiga makofi. Inakuja mara nyingi kwa sababu ndo hadithi tulizokuzwa nazo, na simlaumu anayeileta, ila namuuliza mwenyewe mbele ya wote, kwa hiyo kwenye kesho yako mtu kama wewe hayupo? Wengi hapo wanarudi wanaanza upya, na safari hii kinachobadilika ni ngazi, sheria au mdomo wa konda, mtu anabaki vile vile alivyo. La pili ni hadithi ambayo mwenye ulemavu yumo ila kazi yake ni kusaidiwa, ili mwingine aonekane ana moyo mzuri. Muulize msimulizi huyo mtu anapenda nini, anamdai nani, amegombana na nani asubuhi hiyo. Akishakuwa na deni na ugomvi amekuwa mtu.

Na lazima pawe na mpingaji. Kesho ambayo kila mtu amekubali kila kitu inaboa na hakuna anayeiamini. Kwenye daladala yetu mmoja alijitolea kuwa abiria anayelalamika kwamba makelele yamezidi na nauli imepanda kwa ajili ya watu wachache, alicheza vizuri mpaka wengine wakakasirika kweli, na binti konda alimjibu kwa alama, pole pole, mkalimani akisema kwa sauti: "Mzee, na wewe goti lako linauma, umepandaje leo bila kuinua mguu?"

Mkimaliza mrekodi kwa simu, ila uliza kila mtu kivyake kama anakubali, isiwe kwa kunyoosha mikono kwenye kundi maana watu wanaona aibu kukataa. Viziwi warekodiwe video, picha isikate mikono. Halafu hadithi itoke, isife hapo chini ya mwembe. Sisi tuliipeleka kituoni kwa makonda wenyewe mchana wakati hakuna abiria, na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mahali aliyesimulia ni mwenye hadithi. Mimi nilibeba viti tu.

Jumamosi inayofuata anzeni na hadithi ile ile ila mpe mtu mwingine aisimulie akiwa amekaa sehemu nyingine ndani yake. Ile ya daladala tulimpa kijana asiyeona, siti ya nyuma kabisa. Alisimulia alichosikia tu, ngoma ya Mbagala inakaribia, mlango unafunguka, na magurudumu ya kitimwendo yanaingia ndani bila mtu kusema haya shika huku, inua.