Diski ya zamani kwenye kompyuta mpya: mafaili yako yakikukatalia

Rafiki yangu alinunua kompyuta mpya ya Windows baada ya ile ya zamani kufa. Diski ilikuwa nzima, tukaichomoa na kuitia kwenye kasha la USB. Mafaili yote yakaonekana, ila kila akigusa folda yake anaambiwa hana ruhusa. "Mbona jina la akaunti ni lilelile?" akauliza.

Ni lilelile kwake yeye tu. Windows humtambua mtumiaji kwa namba ndefu inayoanzia S-1-5-21, inayotolewa siku akaunti inapoundwa. Diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili ambao Windows hutumia kwa kawaida) huandika namba hiyo kwenye ruhusa za kila faili, wala haihifadhi jina. Unda akaunti yenye jina hilohilo kwenye mashine nyingine, utapewa namba tofauti. Yako utaiona kwa amri hii:

whoami /user

1. Hakikisha kweli ni suala la ruhusa. Ukiombwa ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Tafuta ufunguo kwanza, mengine yote hapa hayatakusaidia. Na kama diski ni ya FAT32 au exFAT, mipangilio mingine ya mafaili, haihifadhi ruhusa hizi kabisa, basi kasoro iko kwingine.

2. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi. Hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, dirisha la kawaida halina nguvu hizo mpaka uziombe.

3. Nakili. Usibadilishe ruhusa. Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea. Ukibofya folda kwenye dirisha la mafaili (File Explorer), Windows hukuletea kitufe cha Continue. Ukikibonyeza, inaanza kuiandika namba yako kwenye faili moja baada ya jingine katika diski ya zamani. Folda ikiwa kubwa utangoja sana, na ikikwama katikati utabaki na mchanganyiko usioeleweka. Mimi siku hizi sikigusi. Natumia robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy "E:\Users\asha\Documents" "C:\Users\asha\Documents" /E /B /XJ /R:1 /W:1

Weka herufi ya diski yako na majina yako. /E huchukua folda zote za ndani. /B husoma kwa njia ya nakala rudufu, inayopita juu ya ruhusa, ndiyo maana tumehitaji usimamizi. /XJ huruka njia za mkato zilizofichwa ndani ya folda za watumiaji. Ukiisahau, unaweza kuzungushwa kwenye folda ileile bila mwisho.

Sasa /R na /W. Bila hizo, robocopy ikishindwa kusoma faili moja hujaribu tena mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Sitii chumvi, ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Niliwahi kuiacha usiku kucha nikidhani inafanya kazi, asubuhi nikaikuta imeganda kwenye picha moja iliyoharibika. Weka 1 na 1, kisha usome orodha ya zilizoshindikana mwishoni.

Usiongeze /COPYALL wala /SEC, hata kama umeona mtu kazitumia. Hizo hubeba na ruhusa za zamani, yaani unahamisha tatizo pamoja na mafaili. Amri niliyoandika huchukua yaliyomo, sifa za faili (attributes) na tarehe, bila ruhusa. Nakala hurithi ruhusa za folda zinakoingia, ambayo tayari ni yako.

4. Jaribu. Fungua faili moja, libadilishe, lihifadhi.

5. Ukitaka kuendelea kuitumia diski ya zamani yenyewe, hapo tu ndipo utwae umiliki:

takeown /F "E:\Users\asha\Documents" /R /D Y
icacls "E:\Users\asha\Documents" /grant "asha:(OI)(CI)F" /T

Zinahitajika zote mbili: takeown hutwaa umiliki, icacls hutoa ruhusa. Kumiliki faili hukupa haki ya kubadilisha ruhusa zake, lakini hakukupi haki ya kulisoma. Usiondoe alama za kunukuu kwenye hiyo asha:(OI)(CI)F. PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, hukataa mabano yakiwa wazi. Na kama bado unakataliwa, endesha icacls na njia ya folda pekee utafute neno DENY: katazo lililoandikwa kwenye faili lenyewe hushinda ruhusa yoyote.

Amri hizi mbili zisiguse C:\ nzima wala folda ya Windows. Niliwahi kufanya hivyo ili nifute faili moja tu la mfumo lililonikera. Mafaili mengi ya humo humilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya ndani ya Windows yenyewe, kwa makusudi, nami nikamnyang'anya yote. Ilinibidi nisakinishe Windows upya.

Yule rafiki yangu aliishia hatua ya 4. Diski ya zamani bado iko kwenye kasha lake, na nimemwambia asiifute mpaka awe amefungua picha zake zote.