GParted inakataa paswedi yako? Kwanza cheki inaulizia paswedi ya nani

Umefungua GParted, ile programu ya kugawa diski, upunguze patisheni (kipande cha diski), au umeingia kwenye Disks ya GNOME uformati flashi, kadirisha kanatokea kanaomba paswedi, unaandika ile ile unayoingilia kila siku, inakataa. Unarudia polepole herufi kwa herufi, inakataa tena. Kabla hujaanza kuwaza kuweka Linux upya, soma yale maandishi madogo karibu na kisanduku, mana pale pameandikwa jina la yuza anayeulizwa. Mara nyingi paswedi yako haina kosa lolote, ni kwamba unatoa ya kwako wakati mfumo unataka ya mtu mwingine.

Ukiona jina lako, shuka chini kwenye mambo ya kibodi. Ukiona root, yaani akaunti kuu yenye ruhusa zote kwenye mfumo, tulia hapa kidogo.

Kwenye Ubuntu na Mint akaunti ya root imefungwa tangu unapoinstoli, haina paswedi kabisa, kwa hiyo hata ukiandika `su` (amri ya kugeuka root) ukabahatisha mpaka kesho huingii. Mwenye ruhusa ni yuza aliyeko kwenye kundi la sudo (sudo ni amri ya kufanya kazi kwa nguvu za root), na anatumia paswedi yake mwenyewe. Debian ndo inanasa watu sana: wakati wa kuinstoli inakuuliza paswedi ya root, ukiijaza basi yuza wako wa kawaida hawekwi kwenye kundi la sudo, ukiiacha wazi ndo anawekwa. Watu wanaijaza haraka haraka wakidhani ni lazima, halafu wanaisahau, miezi inapita wanafungua GParted ndo inaulizwa ile ile. Fedora na Arch kundi lao linaitwa wheel. openSUSE Leap 15 nayo ina yake, ukiandika sudo inataka paswedi ya root, siyo yako, na ndo ilivyopangwa tangu mwanzo, haijaharibika.

Kujua uko wapi, fungua terminali uandike:

`id`

Utatoka mstari mmoja mrefu, tafuta ndani yake `27(sudo)` kama uko Debian au Ubuntu, Fedora ni `10(wheel)`. Kama haimo, we siyo admini kwenye hiyo mashine, na hapo hata ubadilishe paswedi yako mara ngapi haitasaidia kitu. Kama paswedi ya root unaijua, jiingize mwenyewe (Fedora na Arch andika wheel mahali pa sudo):

`su -`
`usermod -aG sudo jinalako`

Kile kistari baada ya su usikiache, mana kuanzia Debian 10 ukiandika su tupu unabaki na PATH (orodha ya mahali amri zinapotafutwa) ya yuza wa kawaida, utaambiwa usermod haipo wakati ipo. Na hiyo herufi a kwenye `-aG` ndo inayoongeza, ukiiruka utatolewa kwenye makundi yako mengine yote. Ukimaliza toka kwenye akaunti kabisa uingie upya, kufunga terminali na kufungua nyingine haitoshi.

Haya, tuseme jina lililoandikwa ni lako na kundi lipo ila bado inagoma. Fungua kihariri chochote cha maandishi, andika paswedi yako pale uione kwa macho, kisha ifute bila kusevu. Utagundua mengi: Caps Lock imewaka, tarakimu za pembeni hazitoki sababu Num Lock imezima, au lugha ya kibodi imebadilika, kwenye ya Kijerumani Y na Z zinabadilishana nafasi, kwenye ya Kifaransa A na Q. Kama paswedi yako ina alama kama @ au # ndo usiseme, hizo zinahama hovyo. Na kwenye terminali usishtuke ukiandika paswedi huoni kitu, Mint inaonyesha nyota ila nyingine nyingi hazionyeshi chochote, we andika tu upige Enter.

Walioko Arch wana la ziada. Ukikosea mara 3 ndani ya dakika 15 akaunti inafungwa kwa dakika 10, na katika huo muda hata paswedi sahihi inakataliwa, kwa hiyo unaweza kujikuta unaandika iliyo sawa kabisa huku unaapa imeharibika. Subiri muda uishe, au kama una njia ya kuwa root:

`faillock --user jinalako --reset`

Kuna wengine kadirisha hakatokei kabisa, unabofya GParted, kimya. Hiyo ni kawaida kwa wanaotumia desktopu nyepesi kama i3, Sway, Openbox na za aina hiyo. Anayechora kale kadirisha ni programu ndogo inayoitwa ajenti wa polkit (polkit ndo inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini), GNOME na KDE zinakuja naye, hizi nyepesi lazima umwashe mwenyewe. Jaribu `pkexec gparted` kwenye terminali (pkexec ni amri ya polkit ya kufungua programu kama root), ikikuuliza paswedi kwa maandishi pale pale na ikakubali, basi ajenti ndo hayupo. Instoli lxpolkit au mate-polkit, halafu iweke kwenye faili la vitu vinavyoanza pamoja na desktopu yako, mana kuinstoli peke yake hakuiwashi.

Ukipata meseji inayosema `pkexec must be setuid root`, hiyo ina historia. Januari 2022 lilitangazwa tundu la usalama kwenye pkexec, CVE-2021-4034, wakaliita PwnKit, na ushauri wa dharura kwa ambao hawajapata apdeti ulikuwa kuiondolea pkexec ile biti ya setuid, ile alama inayoiruhusu iendeshwe kwa nguvu za root. Wengi wakafuata, wakasahau kurudisha. Cheki:

`ls -l /usr/bin/pkexec`

Inatakiwa ianze na `-rwsr-xr-x`, hiyo s ndo tunayoitafuta. Kama kuna x mahali pake, apdeti mfumo kwanza ili polkit iwe mpya, kisha `sudo chmod 4755 /usr/bin/pkexec`. Na tafadhali usije ukakutana na mtu anakwambia piga chmod 777 kwenye mfumo mzima ukamsikiliza, hapo sudo yenyewe itakufa na utakuwa umeongeza tatizo.

Halafu kuna hii ambayo watu wanaiita shida ya paswedi na siyo: paswedi imekubaliwa ila dirisha la programu halifunguki, kwenye terminali unaona `cannot open display`. Hiyo ni Wayland, mfumo unaochora madirisha kwenye Linux nyingi, haimruhusu root kuchora kwenye skrini yako. Instoli xhost (kwenye Debian na Ubuntu iko ndani ya pakeji x11-xserver-utils), kisha:

`xhost +si:localuser:root`
`sudo gparted`

Ukimaliza kazi andika ile ya kwanza tena ila weka `-` badala ya `+`, ruhusa isibaki wazi.

Cheki pia kama kinachoombwa siyo paswedi ya diski yenyewe. Disks ukiigusa patisheni iliyofungwa na LUKS (njia ya Linux ya kufunga diski kwa siri) inaomba maneno ya siri uliyoweka siku unaifunga, hayahusiani na sudo wala root. Diski ya Windows yenye BitLocker nayo inakubali ile namba ya kuokolea yenye tarakimu 48.

Kama umesahau kabisa na mashine ni yako, kwa Ubuntu na Mint washa upya ukiwa umeshikilia Shift, kwenye mashine za UEFI (nyingi za kisasa) gonga Esc, mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, chagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, halafu root. Pale andika:

`mount -o remount,rw /`
`passwd jinalako`

Ule mstari wa kwanza usiuruke, bila huo diski ni ya kusoma tu na passwd itagoma. Kibodi ya pale inaweza kuwa ya Kimarekani, kwa hiyo chagua herufi na tarakimu za kawaida kwanza, alama utaweka baadaye. Kama diski imefungwa na LUKS bado utaulizwa maneno yake kwanza, hii njia haiyaruki. Ukishaingia, keyring ya GNOME (ghala lake la paswedi ulizosevu) inaweza kuendelea kukuomba paswedi ya zamani, mana yenyewe haikubadilika.

Na kama ulichotaka ni kupunguza patisheni ya ext4 (aina ya mfumo wa faili wa Linux) ambayo Linux yenyewe inakaa, jua kwamba hata paswedi ikikubali GParted haitakuruhusu, ext4 haipungui ikiwa imefunguliwa, kuongeza tu ndo inawezekana. Tumia flashi ya laivu, yaani Linux inayowaka kutoka kwenye flashi yenyewe. Ya Ubuntu haikuulizi paswedi, ya GParted Live yuza ni `user` na paswedi ni `live`, zile za mashine yako pale hazijulikani.