Jinsi ya Kusoma Hali ya Hewa na Theluji ya Kibo Kabla ya Kwenda Kileleni

Kila mwaka Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, tunapanda tuwe kileleni tarehe 9 kusherehekea Uhuru. Huko juu kuna theluji?" Swali ni zuri, ila limekosa nusu. Theluji ya wapi, na saa ngapi?

Kilimanjaro iko kama nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Haina majira ya baridi kama ya Ulaya, ambako theluji huja mwezi fulani na kuondoka mwezi fulani. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri karibu mwaka mzima, na tofauti ya mchana na usiku wa siku moja ni kubwa kuliko tofauti ya Julai na Januari. Anayetaka kuielewa theluji ya Kibo, yaani kilele kikuu cha Kilimanjaro, ashike saa kwanza, kalenda ifuate. Nilianza mlimani kama mpagazi kwenye njia ya Marangu, sasa naongoza wageni, na haya ndiyo ninayowafundisha wasaidizi wangu kabla sijawakabidhi kundi.

Hatua ya 1: Anza na misimu, lakini usiishie hapo

Mvua zetu ni mbili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Theluji nyingi ya Kibo huletwa na misimu hiyo hiyo, kwa sababu ni mvua ile ile iliyoanguka mahali penye baridi ya kutosha. Mkulima wa Kilema, huku chini ya mlima, anaposhukuru kwa mvua nzito ya usiku, asubuhi ukiangalia juu mara nyingi unaona Kibo imevaa shuka jipya.

Januari na Februari kwa kawaida ni kukavu, ila theluji ya vuli inaweza kuwa bado imelala njiani. Juni hadi Septemba ni kukavu pia, usiku una baridi kali zaidi, na hapo ndipo watu wa Moshi hudanganyika. Julai mji unaweza kukaa chini ya wingu la kijivu kutwa nzima, mlima hauonekani, na mtu akasema huko juu lazima kumechafuka. Kumbe ukipita mita 3,000 hivi unatoka juu ya lile wingu, jua linakuchoma shingo.

Kabla ya vuli, soma utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tazama wanasemaje kuhusu Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari, yaani wa kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mwaka wa namna hiyo, anayepanda Desemba ajipange kwa theluji ya kweli tangu kambi ya mwisho, wala si kilele peke yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya urefu

Kosa ninaloliona kila wiki: mtu anafungua simu, anaandika "Kilimanjaro", anasoma nyuzi 26 na jua, anaacha koti zito hotelini. Utabiri ule ni wa Moshi, chini ya mita 1,000. Tafuta utabiri unaokuonyesha urefu wa mahali, na uangalie mstari wa sifuri, yaani kimo ambacho hewa hufikia nyuzi 0. Kwetu mara nyingi huwa karibu na mita 4,800. Theluji inaweza kufika chini ya mstari huo kwa mita mia mbili, tatu, kabla haijayeyuka.

Ukiwa mlimani bila mtandao, kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye begi kinatosha. Kanuni ni rahisi: kila ukipanda mita 100, toa nyuzi 0.6 hivi. Tuseme uko kambi ya Barranco, mita 3,960, mvua inanyesha na kipimajoto kinasoma 4. Barafu Camp iko juu yako kwa mita 700 hivi, toa 4. Huko ni sifuri, kwa hiyo mvua hiyo hiyo kule ni theluji yenye maji, inayolowesha hema na kuganda usiku. Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, ni mita 1,000 nyingine juu, toa 6 tena. Hapo theluji inaanguka kavu. Mvua moja, hali tatu, na wewe umeshajua kesho utakanyaga nini.

Hatua ya 3: Fuata mwendo wa mawingu kwa siku nzima

Mlima una pumzi yake. Asubuhi jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu wa msituni inapanda, na kufikia saa nne au saa tano mawingu yameanza kuumbika juu ya miti. Saa saba au saa nane yamefika kambi za Horombo au Shira, na hapo ndipo manyunyu, mvua ya mawe na radi hutokea. Jioni miteremko inapoa, hewa nzito inateremka, na mawingu yanashuka nayo mpaka yanalala chini kama bahari. Hii ni moja ya sababu za kuondoka kambini usiku wa manane ili tufike juu jua linapochomoza: kilele huwa kimefunguka, na changarawe imeganda, mguu haurudi nyuma.

Sasa tazama kinachovunja utaratibu huo. Wingu likianza kupanda kabla ya saa mbili asubuhi, andika. Wingu likikataa kushuka, na saa mbili usiku bado uko ndani ya ukungu pale Kibo Hut, kambi ya mwisho ya njia ya Marangu, hilo si wingu la msituni tena. Ni unyevu uliotoka mbali, kutoka baharini, na unaweza kukaa siku mbili au tatu. Hapo ndipo theluji ya kina huanguka. Mimi jioni natoka hemani mara tatu: saa kumi na mbili, saa mbili na saa nne. Nikiona taa za Moshi chini na nyota juu, nalala kwa amani.

Kuhusu radi: ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa chini ya 30, iko ndani ya kilomita kumi. Ondoka kwenye uwanda wa wazi wa Shira, weka fimbo za chuma mbali, usijikinge chini ya jiwe linalosimama peke yake.

Hatua ya 4: Jua uko upande gani wa mlima

Kusini na kusini-magharibi, yaani njia za Umbwe, Machame na Mweka, hupata mvua nyingi. Kaskazini, njia ya Rongai, ni kukavu. Masika ikikukuta na hauna namna ya kuahirisha, Rongai itakuonea huruma kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalizingatii: jua letu huhama. Kati ya Aprili na Septemba saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, kwa hiyo theluji iliyolala kwenye miteremko inayotazama kusini haipigwi sawasawa, inakaa na kuwa ngumu. Desemba na Januari ni kinyume chake. Nikipanda Juni, nategemea vipande vya barafu ngumu vilivyobaki tangu masika kwenye sehemu zenye kivuli kati ya Stella na Uhuru. Nikipanda Januari, theluji ya hapo hapo inaweza kulainika mapema.

Njia ya Western Breach naitaja kwa kifupi tu. Mawe ya pale yameshikwa na barafu, na barafu ikiachia, yanashuka. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu. Mimi sipeleki mtu huko.

Hatua ya 5: Soma theluji kwa mguu, kwa sikio na kwa fimbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Theluji si kitu kimoja.

Theluji mpya ya unga huanguka kukiwa na baridi kavu. Ukiipuliza mkononi inaruka. Kuikanyaga si hatari, ila inaficha mawe na kufuta njia. Zile punje nyeupe laini kama sago, zinazoruka-ruka kwenye hema, ni za wingu la mchana. Haziendi mbali, lakini zikilala juu ya mwamba ni sawa na kutembea juu ya dengu kavu.

Theluji iliyopigwa na jua jana na kuganda usiku hutengeneza gamba. Chomeka fimbo: ikitoa mlio mkavu na kusimama, gamba litakubeba. Ikipenya kwa "kwach!" na kuzama, kila hatua itakunyonya nguvu. Gamba likiganda sana linakuwa kioo, na hicho ndicho ninachokiogopa kuliko kina cha theluji. Hapo unahitaji vile vyuma vya meno vya kuvaa juu ya buti, na huvivai baada ya kuteleza, unavivaa kabla.

Gamba lile lile, jua likishapanda vizuri, linageuka tope. Ndiyo maana njia iliyokuwa ngazi saa kumi alfajiri inaweza kuwa utelezi saa nne asubuhi, na ndiyo maana ninasisitiza saa kuliko mwezi.

Nikupe usiku mmoja. Ilikuwa Desemba, njia ya Marangu, kundi la vijana kumi na mmoja wa ofisi moja ya Dar es Salaam. Saa kumi jioni Kibo Hut punje zilianza, zikageuka theluji. Saa tano usiku ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu, kisha mbingu zikafunguka, nyota tele. Tukatoka. Theluji ilikuwa ya unga, baridi nzuri, kila mtu anaimba. Kufika pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, upepo ukaamka kutoka mashariki. Haukuwa mkali. Lakini nilipogeuka nyuma kumulika mtu wa mwisho, nikaona buti zake, na nyuma ya buti zake hakuna alama. Nikahesabu: alama ya mguu ilikuwa inajaa kwa muda usiofika dakika mbili. Maana yake, tukipanda saa tatu nyingine hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, hatutakuwa na njia ya kurudia, na wingu la asubuhi likituwahi hatutaona hata mwamba wa kujielekeza. Nikawageuza. Binti mmoja alilia kwa uchungu, na nilimwelewa, alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Saa mbili asubuhi tukiwa tunakunywa chai, Kibo yote ilikuwa imefunikwa na weupe, hata vyoo vya kambi havionekani. Yeye na wenzake wawili walirudi Februari, wakafika.

Basi kipimo changu kikawa hicho: geuka nyuma, mulika, hesabu alama zako zinadumu kwa muda gani.

Hatua ya 6: Upepo uhesabu kama baridi

Nyuzi 10 chini ya sifuri bila upepo unavumilika. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiongezeka, mwili unapata baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri. Angalia vidole vya wenzako, usiulize tu, kwa maana aliyeanza kufa ganzi husema yuko salama. Mdomo ukishindwa kutamka jina lake vizuri, anashuka sasa hivi akiwa na msaidizi.

Chupa ya maji igeuze kichwa chini na uivishe soksi. Maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo wa chupa unabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji utaganda mapema, usiutegemee.

Miwani ya jua si pambo. Theluji mpya hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga, na hewa ya huko juu ni nyembamba. Nimemshusha mpagazi kijana akiwa ameshikwa mkono kama kipofu, macho yanamwagika machozi, kwa sababu alipewa kazi bila miwani. Ukiongoza kundi, kagua miwani ya wapagazi kabla ya kukagua ya wageni.

Hatua ya 7: Tofautisha theluji na barafu ya zamani

Ukifika juu, weupe unaouona ni wa aina mbili. Kuna theluji ya juzi, na kuna kuta za barafu ya zamani: barafu ya Rebmann na nyingine kusini, na uwanda wa barafu wa kaskazini. Kati ya 1912 na 2007 barafu hiyo ilipoteza asilimia 85 hivi ya eneo lake. Theluji mpya ni ngao yake: ikiwa nyeupe na safi, inarudisha jua. Isipoanguka, jua linakula barafu tupu. Ndiyo maana mimi, pamoja na taabu yote inayonipa usiku, nikiona theluji nzito nafurahi kwa dhati.

Hatua ya 8: Panga saa ya kugeuka kabla hujavaa buti

Kwangu, aliye chini ya Gilman's au Stella saa mbili na nusu asubuhi anageuka, na kukiwa na gamba la kioo naivuta iwe saa mbili kamili. Nalisema hilo mezani wakati wa chakula cha jioni, kila mtu akiwa na joto na akili zake, na namwomba kila mmoja aniitikie kwa sauti.

Ukishuka, chukua daftari uandike: theluji ilianzia mita ngapi, gamba lililainika saa ngapi, kioo kiko kona ipi. Kisha kabla hujavua buti, mtafute mwongozaji wa kundi linalotoka usiku huo, umsomee.