Kujua kama hela inagawanyika kwa 7, 11 au 13 bila kalkuleta

Wale mnaogawana hela za dagaa pale Mwaloni Kirumba, au mna kikoba chochote hapa Mwanza, hii ishikeni. Hela ukiiandika tayari ina koma kila tarakimu tatu si ndio, sasa anzia kulia, chukua kundi la mwisho, toa linalofuata, jumlisha linalofuata tena, toa, unaenda hivyo hivyo mpaka makundi yaishe. Jibu likigawanyika kwa 13 basi na namba nzima inagawanyika kwa 13, na kwa 7 na 11 ni hivyo hivyo, yaani hesabu moja inajibu maswali matatu (ukipata sifuri ndo raha, zote zinaingia).

Mfano 4,738,500. 500 toa 738 jumlisha 4 inakuja hasi 234, hiyo hasi achana nayo. 234 ni 13 mara 18, kwa hiyo mkiwa 13 kila mtu anabeba 364,500 na habaki mtu na chenji. Mkiwa 7 au 11 haiingii, msimsumbue mweka hazina bure.

Inakubali sababu 7 × 11 × 13 ni 1001, elfu na kamoja juu.

Ya 9 ni mteremko, jumlisha tarakimu tu, 4+7+3+8+5 ni 27, inaingia. Ya 8 cheki tatu za mwisho basi, na 500 kwa 8 haiendi.