Kumchora ng'ombe mpaka mwenyewe akubali ni wake

Picha yangu ya kwanza ya kulipwa nilimchorea mzee mmoja wa Kiruhura, Uganda. Akaitazama weee, akasema, "Mwanangu, ng'ombe mzuri, ila si wangu." Wake ana pembe ya kushoto iliyopinda kidogo nchani, mimi nilizinyoosha zote mbili zipendeze. Hela sikuiona.

Friedrich Wilhelm Keyl, mzaliwa wa Frankfurt na mwanafunzi wa Landseer, mchoraji wa wanyama wa Uingereza, alimchorea Malkia Victoria wanyama wake, kila mmoja na sura yake. Akatangulia na michoro ya majaribio ya rangi za maji, mnyama akiwa mbele yake. Nawe usichore kwa picha ya simu.

Asubuhi usijisumbue, ng'ombe wanatoka zizini na hawasimami. Nenda mchana, wakishakunywa maji na kulala kivulini wakicheua. Hapo anatulia. Beba karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita mraba. Ya daftari itajikunja.

Anza na penseli, kwa mkono mwepesi: mgongo, mfupa wa nyonga, kichwa. Kisha pembe, na hapa usiwe na haraka. Za ng'ombe wa Ankole, hawa wa kwetu wa pembe kubwa, ni ndefu kiasi kwamba mkono wenyewe unaona haya na kuzifupisha. Nyoosha mkono, pima urefu wa uso kwa penseli, halafu hesabu pembe moja inameza nyuso ngapi. Pima kila pembe peke yake! Akigeuka, usifute, anza kichwa kingine pembeni, atarudi tu. Karatasi yangu moja huwa na vichwa vitano.

Pembe nyeupe haipakwi rangi, karatasi yenyewe ndiyo pembe. Pitisha kivuli chepesi upande wa chini, basi. Mwili wa bihogo, yule mwekundu wa kahawia, upake kwanza kwa maji mengi, ukiacha mwanga mgongoni. Likikauka tabaka hilo, ongeza la pili ubavuni na tumboni. Rangi nyeusi ya tyubu iache. Ukitaka nyeusi, changanya kahawia na buluu. Inzi watatua kwenye rangi mbichi, wavumilie.

Kabla ya kumpelekea mwenye mali, muonyeshe mchungaji, umuulize huyu ni nani. Akigeuka kuangalia kundi kwanza, rudi kwenye pembe. Akimtaja jina papo hapo, osha brashi.