Kiongozi wa uokozi ashike daftari, asishike mgonjwa

Shehia, yaani maeneo madogo kabisa ya utawala huku Zanzibar, zinaponiita kuja kuwafundisha viongozi wa vikundi vyao vya dharura, swali la mwanzo huwa ni bendeji: zitakuja ngapi, na sanduku atakaa nalo nani. Bendeji nazifundisha, lakini siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya kumzoeza kiongozi kusimama, atazame na aseme, mikono yake isimguse mgonjwa. Huku Pemba hilo ni gumu kuliko kufunga jeraha. Ukimwona mwenzako anavuja damu nawe umesimama na karatasi, utaambiwa huna imani.

Kwanza mtafuteni mtu mwenyewe. Asiteuliwe kwa kuwa ana gari, wala kwa kuwa ni jamaa wa mkubwa. Nataka mtu anayesikilizwa bila ya kupiga kelele: nahodha wa boti, mkunga mstaafu, mwalimu wa madrasa, au yule mama anayesimamia mapishi ya harusi. Huyo wa mwisho msimcheke. Anayeweza kugawa kazi kwenye sufuria za pilau, kuni huku, nazi kule, na wali usiungue, nusu ya mafunzo anayo tayari. Awepo na naibu, na mmoja kati yao awe mwanamke, kwa sababu majeruhi akiwa mke wa mtu, wanaume watazungukana tu kila mmoja akimngoja mwenziwe. Sheha, mkuu wa shehia, naye mshirikisheni mapema, na mkubaliane mbele yake: yeye atazungumza na Wilaya na wenye mgonjwa, lakini pale penye tukio amri ni ya kiongozi.

Zoezi la kwanza mimi hulifanyia chini ya mkarafuu, kabla ya msimu wa kuchuma. Kijana mmoja analala chini kama aliyeanguka. Kiongozi nampa daftari mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na sharti moja: akikiweka chini kimojawapo, zoezi linasimama, tunaanza upya. Hapo utaona mambo. Watu wanamvamia majeruhi, huyu anavuta mkono, yule anavuta mguu, wanataka kumrusha nyuma ya gari kama gunia. Kiongozi anatupa daftari na kuinama. Simamisha. Waambie tena kwamba aliyeanguka kutoka juu huenda mfupa wa shingo au mgongo umevunjika, na mvuto mmoja unaweza kumpoozesha maisha.

Afanye nini basi? Awaite watu kwa majina, si "jamani mmoja apige simu", maana "mmoja" hana masikio. "Khamis, shika kichwa, kisitikisike. Ali, Omar na Juma, kaeni upande mmoja, bega, nyonga, miguu. Bi Asha, leta kanga umsitiri. Salum, kang'oe mlango wa banda, ndio machela yetu." Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu, na wote wanamgeuza kwa pamoja kama gogo, ubao unaingia chini yake. Kiongozi wakati huo anaandika saa, anauliza kama anapumua, na anawaondoa watazamaji. Rudieni mpaka afanye bila ya kutazama daftari kuomba msaada.

Kwa watu wa pwani na wa visiwani, Kojani au Kisiwa Panza, zoezi lipangwe kwa maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwenye saa nne asubuhi hivi bahari imekwenda mbali, boti haifiki ufukweni, na mgonjwa itabidi abebwe juu ya matope. Kiongozi asiyejua leo maji yanajaa saa ngapi hajui gari imngojee wapi. Nawataka wakumbuke kuwa kujaa na kupwa huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na wampigie hesabu dereva kabla hajaondoka.

Aliyezama wengi bado wanataka kumning'iniza kichwa chini au kumkanda tumbo atoe maji. Wakatazeni kabisa. Kama hapumui, apewe pumzi tano kwanza, kisha kifua kikandamizwe mara 30 na pumzi mbili, tena na tena, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayekandamiza huchoka upesi na mwenyewe hakubali. Kwa hiyo kiongozi, aliye na saa, ndiye wa kusema "badilisha" kila baada ya dakika mbili.

Daftari lina kazi nyengine. Meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 ikija Pemba, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka kuokoa, na baadaye mabishano makubwa yakawa ni kuhusu waliokuwemo walikuwa wangapi. Basi hata boti ya watu saba ikipinduka, andika: nani katolewa, saa ngapi, kapelekwa wapi, nani hajaonekana. Bila ya hivyo utawarudisha watu majini kumtafuta mtu ambaye yuko kwao anakunywa chai.

Simu ya kuomba gari ya wagonjwa ifanyiwe mazoezi peke yake, kwa sauti, mbele ya watu. Mahali kwanza, kwa alama zinazojulikana: "Ukitoka Konde kwenda Makangale, kabla hujaingia msitu wa Ngezi, kuna mtu na bendera nyekundu." Halafu nini kimetokea, wangapi, hali zao, na njia inapitika au haipitiki. Asikate simu yeye mwanzo. Bondeni mtandao unapotea, hivyo mtu wa simu awe anajua kilima cha kupandia. Namba za kituo cha afya, zimamoto na KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, ziandikwe kwa rangi ukutani, maana simu hufa chaji.

Mkimaliza, kaeni kitako. Muulizeni kwanza aliyejilaza kuwa majeruhi alisikia nini: atakutajieni nani alipiga kelele, nani alimwambia "utapona", na nani alisema mbele yake "huyu keshakwenda". Kiongozi aseme wa mwisho. Kisha pangeni zoezi jengine la usiku, kwa tochi, na siku hiyo kiongozi abaki kwake, naibu ndiye apewe daftari.