Paa linavuja au linatoka jasho? Jinsi ya kukagua paa la vigae vya lami

Doa likitokea kwenye dari wengi tunakimbilia ngazi na silikoni. Mimi nilikua hivyo hivyo, nikapaka juu ya paa misimu miwili ya mvua na doa linarudi tu, mpaka siku nilipopanda darini na tochi nikakuta bomba la feni ya bafuni limechomoka, linapuliza mvuke wote humo ndani. Paa lilikua zima kabisa! Toka siku hiyo naanzia ndani ndo naenda nje.

Panda darini mchana. Kanyaga mbao tu, ukikanyaga katikati utajikuta mguu unaning'inia sebuleni. Kabla hujawasha tochi kaa gizani dakika mbili hivi uangalie mwanga unapenya wapi, ukiona mwanga kwenye matundu ya hewa ni sawa, ila kwingine kokote hapo pana kazi.

Sasa washa tochi umulike ubao wa paa kwa upande wa ndani, na hapa usiwe na haraka maana ndo penye jibu lenyewe. Maji ya mvua yakipenya yanaacha alama sehemu moja, doa lenye duara duara au mchirizi kwenye mbao za kenchi, na mara nyingi tundu haliko juu ya doa kwa sababu maji yanatembea na mbao mbali kabla ya kudondoka, kwahiyo fuata mchirizi kuelekea juu ya mteremko mpaka unapoanzia. Jasho, yaani mvuke wa ndani ya nyumba unaogeuka maji ukigusa ubao wa baridi, ni tofauti, lenyewe linasambaa: ncha za misumari karibu zote zina kutu, ukungu mweusi umetapakaa kwenye ubao hasa upande usiopata jua, sufi ya kuzuia joto ina unyevunyevu. Jiulize pia doa linakuja lini, likija hata siku kavu zenye baridi kali hiyo sio mvua.

Ukishaona dalili za jasho kagua hewa. Hewa inatakiwa iingie chini, kwenye uvungu wa paa (chini ya ukingo unaotokeza nje ya ukuta), itokee juu karibu na kofia, yaani kilele cha paa. Kosa la kawaida kuliko yote ni sufi kusukumwa mpaka pembeni ikaziba matundu ya chini, unaivuta tu nyuma unaacha njia. Shikilia kipande cha toilet paper karibu na tundu, kisipocheza kabisa siku yenye upepo basi pameziba, au wavu umejaa vumbi. Kipimo kinachotumika sana ni mita 1 ya mraba ya uwazi kwa kila mita 150 za sakafu ya dari, inaweza kushuka mpaka 1 kwa 300 kama uwazi umegawanywa karibu nusu kwa nusu chini na juu. Yaani dari ya mita 90 za mraba ni 0.6, au 0.3 ukigawanya vizuri. Wavu unapunguza uwazi, uhesabu. Na usiongeze feni ya kuvuta hewa kwenye paa lenye matundu ya kofia, itavuta hewa ya juu hapo hapo na ya chini itabaki imelala.

Nje anza na darubini ukiwa chini. Kupanda ni siku kavu na isiyo na jua kali maana vigae vikipata moto vinalainika na vinachubuka, ngazi iwe mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za urefu. Mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni mpira unaozunguka mabomba yanayotoboa paa, unapasuka kabla vigae havijachoka. Halafu mabati ya kuzungushia bomba la moshi na kuta, pale paa mbili zinapokutana zikafanya bonde, misumari iliyojitokeza, vigae vilivyojikunja au kung'oka. Chembechembe nyingi kwenye gata maana yake vigae vinazeeka, ila paa jipya kumwaga kidogo mwanzoni ni kawaida.

Bado hujaona? Tumia mpira wa maji, mtu mmoja juu ya paa anamwagia, mwingine darini na tochi. Anza chini ya sehemu unayoihisi ndo upande taratibu, kila sehemu angalau dakika 10, ukianza juu maji yatatiririka kote na hutajua yameingilia wapi.

Ukipata, badilisha mpira wa bomba au kigae kilichoharibika, usipake silikoni kwenye ukingo wa chini wa vigae maana maji yaliyoingia kwa juu yatakosa pa kutokea. Kisha zungushia doa chaki pale kwenye ubao, andika tarehe, mvua kubwa ikipiga panda tena uone kama limevuka mstari.